Mashahidi wa Ukoo Mmoja

Kosa letu lilikuwa Shangazi Verna. Yeye na mumewe ndio waliotia sahihi ya ushahidi kwenye karatasi ya baba, ile ya kunipa mimi, Janine, idhini ya kumwamulia matibabu akili ikimtoka. Tulisaini mezani siku ya Ijumaa baada ya samaki wa kukaanga, huku tunacheka. Nani angewaza kwamba hapa Wisconsin shahidi hatakiwi kuwa ndugu wala shemeji? Sisi akina Halverson mambo ya ndani tunamalizana wenyewe. Ujinga gani ule!

Sasa baba kavunjika nyonga, akili inamtoka na kumrudi, wiki ya tatu yuko hospitali, na mimi niliyemwogesha na kumlisha miaka minne naambiwa sina kauli.

"Katika jimbo hili kuwa mtoto wake hakutoshi," alisema Bi Renata, ofisa wa ustawi wa jamii. "Mahakama itamteulia mlezi. Huenda ukawa wewe, huenda akawa mwingine. Na nyumba ya wazee atakakopelekwa, ndiyo pekee yenye nafasi, iko maili tisini kutoka hapa."

"Atakufa kule! Bi Renata, nakupigia magoti."

Alishusha pumzi. "Asubuhi akili yake hutulia. Akielewa anachosaini, tunaandika nyingine leo. Mimi na mchungaji wa hospitali tutashuhudia."

Tulimkuta baba ameketi, kachana nywele. Akamtania mchungaji, "Umekuja kunizika? Rudi kesho, leo sijamaliza kahawa." Tukacheka sote. Nikajua tumepona.

Bi Renata akamsomea polepole. "Mzee Ervin, ukizidiwa, nani akuamulie?"

"Binti yangu Janine," akajibu bila kusita. "Ndiye anayenijua."

"Basi weka sahihi hapa. Janine mwenyewe huyu."

Nikampa kalamu. Baba akanitazama juu mpaka chini, kisha akanirudishia kwa adabu zote.

"Dada huyu mwema, ananilisha vizuri," akamwambia Bi Renata. "Lakini maisha yangu siyakabidhi kwa mtu nisiyemjua. Msubirini mwanangu."

"Baba, ni mimi! Mimi Janine!"

"Usilie, mama," akanipapasa mkono. "Atakuja tu. Hajawahi kuniacha."

Bi Renata alikuwa ameshafunga faili.