Mtaa Wetu Umejaa Wezi

Mtaa wetu umejaa wezi. Muulize yeyote. Mimi ni fundi cherehani, na kibarazani kwangu hakuna umbea usiopita, kwa hiyo najua: aliyeibiwa ni mmoja, muuza mkaa, na kilichoibiwa ni sufuria. Ila kufika dukani sufuria ilishakuwa redio, kwa kinyozi ikawa godoro, na jioni ikawa genge zima lenye mapanga.

Genge likahitaji sura. Wakampata mdogo wangu, aliyepanga chumba cha uani kwangu. Kosa lake ni kuoka mikate: anatoka jua likizama, anarudi alfajiri na mfuko mgongoni. Mfukoni mna mikate, ambayo majirani hao hao wameitafuna mwaka mzima bila kuitilia shaka.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao kuamua kama ahame au abaki. Nilisimama nikauliza.

"Jamani, nani hapa ameibiwa?"

"Kwangu mimi salama, namshukuru Mungu," akasema kinyozi. "Ila hali ya mtaa ni mbaya mno."

"Hata kwangu hawajafika," akadakia mwenye duka. "Wanaibia wengine."

"Wengine gani? Mtaa mzima si uko hapa?"

Muuza mkaa akakohoa. "Ile sufuria yangu kumbe aliiazima shemeji. Lakini hao wenzangu walioibiwa je? Nani atawatetea?"

Watu wakampigia makofi kwa moyo wake wa huruma.

"Dada, acha ubishi," mwenyekiti akanikata kauli. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Wakanyoosha mikono: ahame. Jumapili akahama, na walionyoosha mikono wakamsaidia kubeba kitanda, maana sisi ni watu wa utu. Sasa analala kazini kwake, juu ya magunia ya unga. Nikipita uani nikaona mlango wa chumba chake, nalia.

Tangu hapo wizi umekoma kabisa! Mwenyekiti anapongezwa hadi mitaa ya mbali.

Jana mama yetu alinipigia simu kutoka kijijini, furaha tele.

"Mwanangu, nasikia mmemfukuza yule mwizi. Hongereni! Nilikuwa silali kwa ajili ya mdogo wako. Hebu mwambie asitembee peke yake alfajiri, huenda huyo mshenzi bado yuko karibu."

"Sawa, mama," nikasema. "Nitamwambia."