Waliokuja Kusikiliza Jumatatu

Jumatatu moja ya Novemba 1993, Tamsin Pellow, msichana wa miaka kumi, alikuwa akifunga vifungo vya joho jekundu katika chumba cha kwaya cha kanisa kuu. Lilikuwa joho la mvulana, likampwaya mabegani. Kwaya ile ilikuwa ya wavulana kwa karne saba. Wasichana walikuwa na wiki sita tu tangu waruhusiwe kuimba.

Viti vya mbele vya kanisa vilishakaliwa na wazee watatu walioimba pale utotoni. Walikuja kila Jumatatu, wakafumba macho na kusikiliza kama watu wanaonusa maziwa wakihofu yamechacha.

"Sauti ya msichana naijua," alisema Bwana Crispin Yeo, mkubwa wao. "Hainidanganyi."

"Wiki jana uliisifu ukidhani ni wavulana," mwalimu wa kwaya alimkumbusha.

"Nilikuwa na mafua."

Bwana Yeo alikuwa amewaandikia barua waimbaji waliokufa, waje watoe ushahidi dhidi ya wasichana. Aliitumbukiza kwenye ufa wa sakafu, juu ya makaburi. Siku hiyo marehemu hao walikuja, wakiwa bado watoto, kama sitini hivi, wakafuta miguu mlangoni. Mhudumu aliwagawia vitabu vya nyimbo. Havikutosha, wakatumia wawili wawili.

Tamsin aliwaangalia kwa shaka. Alihisi wameletwa wamzomee. Hata hivyo aliimba, na hawakumzomea.

Wimbo ulipokwisha, Bwana Yeo alisimama. "Haya, semeni wenyewe. Enzi zenu mliimba na wasichana?"

Mtoto mmoja wa safu ya pili aliinua mkono.

"Mimi hapa, babu. Nimeandikwa John Tolley, mwaka 1612. Jina langu Joan. Baba alininyoa, maana waimbaji walipewa mkate."

Mikono mingine minne iliinuka.

"Uongo mtupu!"

"Muulize huyu," alisema Joan, akimwonyesha mvulana aliyeshika naye kitabu.

"Tulijua," alisema mvulana yule. "Mwalimu naye alijua. Joan aliimba vizuri, basi tukanyamaza."

Alhamisi kamati ya kanisa ilikutana. Iliupokea ushahidi bila ubishi na kuagiza viti vitano viwekwe kwa ajili ya wasichana wale marehemu. Majina katika daftari la kwaya hayakubadilishwa, kwa kuwa wino ulikuwa wa zamani. Wasichana wangeendelea na Jumatatu. Jumapili na sikukuu zilibaki za wavulana.

Jumatatu iliyofuata Joan alikaa kwenye kiti chake kipya, na Tamsin akamweleza uamuzi wa kamati.

"Jumatatu tu?"

"Jumatatu tu."

"Mbona mimi niliimba Krismasi nne, na Pasaka zote?"

"Wewe uliandikwa John."

Joan aliutazama msuko wa Tamsin uliofika kiunoni.

"Usizikate nywele, mwenzangu," alisema.

Asubuhi ile Tamsin alikuwa ameshamuuliza mama yake mkasi uko wapi.