Bomba la Kolonele

Mwanamke aliingia katika karakana ya Birindwa bila hodi, mwiko ungali mkononi. "Ile motokari inapigaka makelele asubuhi kule Majengo, ni ya nani?"

Mafundi wote walimnyooshea Éphraïm kidole.

Éphraïm alikuwa na shahada ya utatuzi wa migogoro, lakini Goma haikuwa imemwajiri, maana migogoro ilikuwa na wenyewe. Alichobaki nacho ni kigari kikuukuu cha marehemu mjomba wake, bomba la moshi limetobolewa na kutu, na tumaini moja: Jumamosi kiongoze msafara wa harusi ya Carlos, mwana wa mfanyabiashara wa Butembo. Gari linaloongoza harusi kubwa huitwa kwenye harusi zote. Ila Carlos alitaka la mbele lingurume.

Birindwa alikuwa amempangia mabomba chini kwa vyeo, naye aliendelea kuyanadi mbele ya mgeni. "Hii ni Masera, mtawa kabisa. Inapita, hata kuku haigeuke. Hii Kaporali, inakohoa tu. Na hii, papa, ni Kolonele! Pale ku kambi ya Katindo askari atakupigia saluti kwanza, jina atauliza nyuma. Mu huu muji, mutu wa sauti kidogo anazeekea barabarani."

"Gari ni langu, mama," Éphraïm alimwambia mgeni.

"Mimi ni Marcelline. Tulikimbia vita kule Kibumba, tuko mu parseli ya jirani yako. Ukiwasha, mama yangu anazania ni bombe. Anaondosha sufuria ya maharagi ku moto, anaitwika, anashika njia. Tangu tufike, hatujakula maharagi ya kuiva."

Mafundi walicheka. Éphraïm machozi yalimlenga.

"Ununue Masera," Marcelline alisihi.

"Masera haiendake ku harusi," Birindwa alidakia. "Inaendaka ku misa."

Éphraïm alikumbuka masomo yake: kila mgogoro una suluhisho ambalo pande zote hushinda. "Nitafunga Kolonele," alitangaza, "lakini ndani ya avenyu yetu sitaiwasha kamwe. Nitaisukuma mpaka kwenye lami. Naahidi."

"Haya, kaka," alisema Marcelline, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusikia mikataba mingi ya amani.

Pande zote zilishinda. Éphraïm alisahau tu kwamba naye alikuwa upande.

Jumamosi ilipambazuka na mvua. Mawe ya volkano yaliteleza kama sabuni. Mkono mmoja kwenye usukani, bega mlangoni, Éphraïm alisukuma mpaka gurudumu likazama shimoni.

"Hé! Kolonele amekimbiwa na jeshi!" vijana walipiga kelele. "Washa, papa! Ama uliweka mihogo mu motere?"

Simu ililia. "Uko wapi?" Carlos alifoka. "Bibi-arusi ameisha kutoka! Washa, ukuje!"

Ufunguo ulikuwa palepale. Mara moja tu, alijiambia. Lakini nyuma ya uzio wa jirani bikizee, mama yake Marcelline, alikuwa akichochea moto chini ya sufuria ya maharagwe, akiimba polepole kwa Kinyarwanda. Éphraïm alitia ufunguo mfukoni, akarudisha bega mlangoni.

Alipofika kwenye lami, msafara ulikuwa umekwisha kupita. Alijiunga mwisho kabisa, nyuma ya pikapu ya vinywaji. Kolonele alinguruma kwa nguvu zake zote. Kreti za soda tu ndizo zilizotetemeka kwa heshima.

Jioni, kwenye kona ya avenyu, alizima injini, akashuka, akavua koti, akaanza kusukuma.