Mama Pole

Jina la Mama Pole hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi wa darasa la tatu, ambao kwa kubandika watu majina hawana mpinzani, na likamkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Mtoto akijikwaa upande wa pili wa uwanja, yeye pole. Mwalimu mwenzake akipiga chafya ofisini, pole. Siku moja aliigonga meza kwa goti, akaiambia meza pole kabla hata hajajishika goti, na darasa zima likacheka mpaka kengele ikalia. Hakukasirika. Jioni alimsimulia binti yake kwa simu, wakacheka tena wote wawili.

Basi mfikirie mtu kama huyo akienda kusomea ushauri nasaha. Mwalimu mkuu alimwita akamwambia shule inataka mtu wa kukaa na watoto wenye mambo mazito, na kwa kuwa shahada ya ualimu anayo, akasome kozi ya uzamili ya ushauri, Jumamosi kwa Jumamosi. Yeye alisita. Umri ulishaanza kumpigia hodi, na mara ya mwisho kufanya mtihani alikuwa bado na meno yake yote. Aliyemsukuma ni huyo binti. "Mama, maisha yako yote unabembeleza watu bure," alimwambia. "Nenda wakupe na cheti."

Binti ndiye mtoto wake wa pekee. Baba mtu alifariki mtoto akiwa anatambaa, na tangu hapo mama na mwana waliishi kama watu wanaojifunika shuka moja: mmoja akivuta, mwenzake anapigwa na baridi. Hata baada ya binti kuolewa na kuhamia ng'ambo ya mji, haikupita jioni bila simu. Waliongea mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Mengi yalimhusu mama mkwe wa binti, mama mmoja mwema lakini asiyejua kunyamaza, ambaye wao wawili kwa siri walimwita Redio. Na mwaka ule walikuwa na jambo moja kubwa kuliko yote. Baada ya kungoja mpaka watu wakachoka kuuliza, binti alikuwa mjamzito.

Chumba cha mazoezi kilikuwa ghorofani, viti vya plastiki vimepangwa vitatu vitatu. Mmoja anasema, mmoja anasikiliza, wa tatu anatazama. Mhadhiri alikuwa mwanamume mwenye miwani na sauti ya taratibu, na siku ya kwanza kabisa aliwakataza mambo mawili. Kwanza, usimfanye ndugu yako mteja. Ndugu mpeleke kwa mshauri mwingine, wewe baki ndugu. Wakaandika, wakalifanyia mtihani, na Mama Pole akapata alama zote. La pili ndilo lililomtoa jasho.

"Humu ndani hakuna pole," alisema mhadhiri.

Darasa likacheka. Akawasubiri wamalize.

"Sitanii. Mtu anakuja na mzigo, hata hajautua, wewe umeshamwambia pole. Atakuambia nini? Asante. Basi, mazungumzo yamekwisha. Umefunika chungu kabla hujajua ndani mna nini. Nyamaza. Mrudishie alichokisema, kwa sauti tulivu. Muulize anajisikiaje. Halafu nyamaza tena."

Ilimwia vigumu, acha mchezo. Mwenzake wa mazoezi alikuwa nesi wa hospitali, mwanamke mcheshi mwenye vituko, na kila Nesi alipojifanya mteja na kutunga shida yake, pole ilimtoka Mama Pole kabla sentensi haijafika nusu. Alijibana paja. Alianza kuingia na peremende, aiweke mdomoni ili ulimi uwe na kazi nyingine. "Wewe dada," Nesi alimwambia, "wewe ukifa utawapa pole waliokuja kukuzika."

Lakini mwalimu wa darasa la tatu anajua kujifunza kwa kurudia. Taratibu neno likaanza kurudi nyuma ya meno na kutulia huko. Ikafika Jumamosi moja mhadhiri akavuta kiti akae nao. Nesi alisimulia habari za kaka yake aliyeondoka nyumbani asionekane tena. Mama Pole alinyamaza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Umebaki na swali lisilo na wa kulijibu." Na Nesi, aliyekuja kuigiza, akalia kweli kweli, kwa maana kaka mwenyewe alikuwa wa kweli. Mhadhiri alisema, "Leo umesikiliza, mwalimu." Mama Pole alirudi nyumbani kichwa juu kama mwanafunzi aliyeshika nafasi ya kwanza.

Wiki hiyo hiyo, mchana, aliporudi kutoka shuleni, alimkuta binti yake ameketi kwenye ngazi ya mlangoni. Gauni lilimpwaya. Miguuni pake kulikuwa na mfuko wa nguo wa hospitali.

Waliingia ndani. Binti alikaa kwenye kochi, mikono katikati ya magoti.

"Amekwenda, mama," alisema. "Alikuwa wa kiume. Walinipa nimwone. Alikuwa na kucha."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapo wazazi walikuwa wawili. Mama Pole alikuwa ameshasogeza kabati la chumbani ili kitanda kidogo kipate pa kukaa. Alihisi kilio kinapanda kutoka chini ya kitovu, kikubwa kuliko mwili wake, na akaogopa. Aliogopa kwamba akifungua mdomo atalia kumpita mwenye msiba, na mtoto wake ndiye atakayelazimika kumbembeleza. Ndipo, kama mtu anayeteleza, akashika kilichokuwa karibu. Akashika mafunzo.

Alivuta kiti. Alikaa kwa upande kidogo, asimkabili mteja uso kwa uso, mikono mapajani, na akaacha kati yao nafasi iliyoelekezwa.

"Umempoteza mtoto wako," alisema kwa sauti tulivu.

"Ndiyo, mama."

Akanyamaza. Kilikuwa kimya kizuri, hata mhadhiri angekisifu. Binti alikuwa ameinama mbele kidogo, mabega yamelegea, mwili mzima unangoja kushikwa. Nami nitasema wazi: yeyote asiyesoma kitu angeuona mwili ule na kuuelewa.

"Na sasa hivi," aliuliza Mama Pole, "unajisikiaje?"

Binti aliinua uso. "Unaniuliza?"

"Nasikia kuna hasira katika sauti yako."

"Mama." Alimtazama kama mtu aliyekosea nyumba. "Daktari kaniambia pole. Mama anayefagia wodi, hata simjui, kaegesha ufagio wake ukutani, kanishika mkono, kaniambia pole. Dereva wa teksi kaniambia. Nikawavumilia wote, nikasema ngoja nifike kwa mama. Wewe pole unampa kila mtu, mama. Meza uliipa."

Hapo ndipo palikuwa pa kuruka kiti na kumkumbatia. Palikuwa wazi kabisa, wala hapakuhitaji cheti. Lakini Mama Pole alikuwa ameshaingia ndani ya ile sauti tulivu na hakujua mlango wa kutokea uko wapi. Kilichomtoka ni hiki:

"Ulitarajia nikuambie pole."

Binti aliuchukua mfuko wake, akainuka kwa kujishika tumbo, tumbo ambalo halikuwa na wa kushikiwa tena, na akatoka. Mlango aliufunga bila kelele.

Mtu angedhani mama angemkimbilia. Alikimbilia vitabu. Vitabu vikamwambia hasira ni sehemu ya maombolezo, kwamba aliyefiwa humkasirikia aliye karibu, kwamba apewe nafasi. Akampa. Jioni aliiweka simu mezani akaitazama, na ng'ambo ya mji binti naye aliitazama yake, huyu akingoja apigiwe na yule, na shuka lao likawa limeanguka chini bila wa kuliokota. Mkwewe, kijana mwenye maneno machache, alimwandikia: "Mama, njoo." Akamjibu kwamba atakuja binti akiwa tayari. Mganga hajigangi, walisema wahenga, ila hawakututahadharisha kwamba anaweza kujitia ganzi mwenyewe na kuiita kazi nzuri.

Wiki ya kwanza ikapita, na nyingine, na nyingine tena. Shuleni watoto waliona. Mmoja alianguka mbele yake, akainuka, akasimama akingoja neno lake, asilipate, akaenda zake.

Kisha ikafika Jumamosi ya kila mmoja kueleza kazi aliyoifanya na mteja bila kumtaja jina. Mama Pole alisimama na karatasi. Alisema mteja wake ni mwanamke kijana aliyepoteza ujauzito. Alieleza alivyokaa, alivyonyamaza, alivyorudisha maneno. Alisema mteja alikatisha mazungumzo mapema.

"Mlikutana wapi?" aliuliza mhadhiri.

"Nyumbani."

"Kwa nani?"

Nesi aliyekuwa kando yake aliweka kalamu chini.

"Kwangu," alisema Mama Pole. "Ni mwanangu."

Kila mtu humo alikumbuka katazo la kwanza, na kila mtu alitazama sakafu. Mhadhiri alivua miwani. Ilionekana wazi kwamba ana la kusema, kali, na kwamba halina faida tena.

"Mwalimu," aliuliza taratibu, "hukumshika hata mkono?"

"Ulisema tuache nafasi."

Mhadhiri alifumba macho. Alipoyafumbua aliinuka, akavipita vile viti, akaja akasimama mbele yake.

"Pole," alimwambia. "Pole sana, mwalimu. Mjukuu ni mjukuu."

Hakuna aliyecheka. Mama Pole alilia mbele ya darasa kwa mdomo wazi, kilio chote kile alichokibana, huku Nesi amemkumbatia kiunoni. Mhadhiri alimpa leso yake na kumwambia neno moja tu zaidi: "Nenda."

Alikwenda moja kwa moja, na karatasi bado mkononi.

Aliyemfungulia ni Redio. Alikuwa na aproni ya maua na mwiko, na hata kabla mgeni hajavua viatu alikuwa ameshaanza. "Karibu, mwenzangu, karibu, afadhali umekuja. Mimi tangu siku ile sijarudi kwangu. Nimelala pale chini kando ya kitanda chake, na mgongo wangu unavyoniuma. Nikamwambia usilie, mwanangu, utaharibu macho, halafu mimi mwenyewe nikalia kumshinda. Nikamwambia Mungu atakupa mwingine, akanirushia mto, na mimi nikamrudishia. Sasa anakula. Kidogo, lakini anakula."

Yote aliyoyataja yalikuwa yamekatazwa, moja baada ya jingine. Mama Pole aliketi kwenye kochi na kumsikiliza hadi mwisho, na wivu ukamla kuliko alivyowahi kuliwa na kitu.

Redio alirudi jikoni. Binti akatoka chumbani. Alikuwa amekonda, nywele zimesukwa upya vizuri, na alitabasamu.

"Karibu, mama. Habari za siku nyingi?"

Mama Pole alisimama. Alimshika mikono yote miwili, akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu, na maneno yakatoka bila mpango wala sauti tulivu.

"Pole, mwanangu. Pole. Nilipaswa kukwambia siku ile. Nilikuwa naogopa kulia. Pole, mama yangu, pole na mtoto wetu."

Binti alimwacha amkumbatie. Alimpapasa mgongo kidogo, kwa upole, jinsi mtu anavyompapasa mgeni aliyeguswa na msiba usio wake.

"Nimeshapoa, mama," alisema. "Asante kwa kuja."

Mama Pole alirudi nyuma amtazame machoni. Alitafuta hasira. Aliitafuta kwa matumaini, maana angeikuta angejua pa kuanzia, angepiga magoti mbele yake hata mwaka mzima. Hakuiona. Aliona adabu tu, ile ile aliyomfundisha mwenyewe akiwa mdogo, ya kumpokea mtu wa nje.

"Kaa, nikuletee chai," alisema binti, akaenda jikoni.

Alikaa. Kutoka ndani ilisikika sufuria, na maji, na vikombe vikiwekwa kwenye sinia. Halafu sauti ya mwanawe ikaita, nyepesi, ya kila siku, ile ambayo alikuwa hajaisikia tangu siku za simu za jioni:

"Mama! Sukari iko wapi?"

"Naam, mwanangu," aliitikia Mama Pole, ameshainuka nusu kutoka kwenye kochi.

"Juu ya kabati," Redio alimjibu binti kule jikoni, "nyuma ya majani ya chai."

Mama Pole akakaa tena.