Reine wa Ubavuni

Reine alikufa miaka tisa iliyopita, lakini kila Desemba, serikali ikifunga uvuvi, mume wangu alikuwa akimfufua kwa rangi nyekundu.

Ni mke wake wa kwanza. Jina lake limeandikwa kwenye boti yetu ya mbao, ubavu wa kulia, karibu na mbele. François huivuta boti nchi kavu hapa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, akaikwangua, akasokomeza pamba na lami kwenye nyufa. Fundi wetu, Ba Mwape, hupaka kila mahali isipokuwa pale. Zile herufi ni za François peke yake. Mimi kazi yangu ni kumshikia kopo la rangi. Mwanamke mzima, nimemzalia Jessica, nasimama juani namshikia kopo amwandike mwenzangu. Nina wivu, sifichi. Angekuwa hai tungekamatana vitenge tukayamaliza. Marehemu utamkamata wapi? Hazeeki, wala hajawahi kuunguza ugali.

Tunafanya biashara ya samaki wa chumvi, tunawatoa kisiwani Chisenga. Maji ya Mweru ni matamu, kwa hiyo chumvi inayoigusa boti ni ile inayochuruzika kutoka kwenye vikapu vyetu wenyewe. François alinionya tangu zamani kwamba maji hayo ya chumvi yanakula misumari, ndiyo maana vikapu hukaa katikati, juu ya plastiki. Lakini kupakia ni kazi yangu, na yeye hukaa nyuma kwenye injini.

Mwaka mzima vikapu viwili, vile vilivyolowa zaidi, niliviegemeza kwenye ubao wa Reine bila plastiki. Sikutaka tuzame. Nilitaka misumari ilegee polepole, Desemba ifike, Ba Mwape auondoe ule ubao na kuweka mwingine. Ubao mpya, jina jipya. Langu.

Ubao haukungoja Desemba. Novemba tulikuwa katikati ya ziwa, Jessica amelala miguuni pangu, ukaachia. Maji yaliingia kwa kishindo, mtoto akaamka amelowa hadi kifuani. François aliniachia injini, akavua shati, akalisokomeza kwenye ufa na kulikandamiza kwa mguu mpaka tulipofika. Mimi nilisali kwa sauti, maana nilijua ni mkono wa nani uliofanya vile.

Boti ilipovutwa juu, Ba Mwape alianza kung'oa misumari. Ile ya kulia ilivunjika vidoleni mwake kama biskuti. Akajaribu ya kushoto, ilikuwa mizima. Akamtazama François, François akanitazama mimi.

"Mama Jessica, munyu ya samaki ilifika huku namna gani?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Nimechoka kudanganya.

"Ni miye. Nilitaka jina yake itoke. Nilitaka uandike yangu."

Ba Mwape akakumbuka kwamba ana shughuli nyumbani.

"Yako siwezi kuiandika," François akasema.

"Juu ya nini? Juu unamupenda kunipita?"

Alikaa juu ya ukingo wa boti, mikono imejaa lami.

"Reine amekwisha kufa. Siku hii bwato itazama, mayi haiwezi kumufanya kitu tena. Jina yako na ya mutoto ninaogopa hata kuitaja kule katikati. Na kumbe weye mwenyewe njo ulikuwa unaiita ile mayi."

Miaka yote nilidhani ananificha kwa sababu sitoshi, kumbe alikuwa ananificha ziwa lisinione.

Nilimwomba msamaha, akasema amesamehe, na naamini ni kweli. Ubao mpya ulipigiliwa, akamwandika Reine upya kwa rangi nyekundu. Machi uvuvi ulipofunguliwa, aliamka mapema akapanga plastiki na vikapu vitupu yeye mwenyewe, kimoja kimoja. Nilipoinua kitenge nipande, alishika mkono wangu kwa upole.

"Bakia na Jessica," akasema. "Tutaona safari ingine."

Safari ingine haijafika, na huu ni mwezi wa nne nangoja. Kila mara nasimama ufukoni na mtoto mgongoni, nawatazama wanavyoelekea Chisenga, yeye na Reine, wawili peke yao.