Soksi za Mbegu

Nyanda hakuwa na baridi. Alikuwa na ganzi, naye alijua. Alijua tangu jioni moja kwenye boma lao la zamani, kabla watu hawajahamishiwa vijijini, alipokuwa ameketi na wanaume wenzake kwenye shikome, baraza lao la uani, wakiota moto wa samadi, jirani akamwambia kwamba mguu wake unaungua. Alitazama, akaona kaa limelala juu ya kidole gumba. Alilipiga teke, akacheka, akasema ngozi ya mkulima ni ya kiboko. Wenzake wakacheka pia. Wiki hiyo alikwenda zahanati ya Bariadi mjini, akaambiwa jina la ugonjwa na kupewa vidonge vyeupe vya kumeza kila siku.

Ulikuwa ukoma. Mganga msaidizi, Athanasi, alimweleza bila kuzunguka. Vidonge vingezuia ugonjwa usiendelee, lakini visingefufua mishipa iliyokwisha kufa. Kila jioni akague nyayo na viganja. Asiviamini tena karibu na moto.

"Kuanzia leo," Athanasi alisema, "macho yako ndiyo yatafanya kazi ya ngozi. Na mkeo umwambie, akusaidie kuangalia."

Nyanda alitii yote isipokuwa hilo la mwisho. Mkewe, Felisita, aliambiwa vidonge ni vya kichocho, na bakabaka la mgongoni ni mba. Nyanda hakuwa mwongo kwa tabia. Alichoogopa ni baba mkwe wake, Mzee Mahona wa Mwandoya, ambaye alikwisha kumchukua binti yake mkubwa kutoka kwa mume mwenye kifafa, akarudisha ng'ombe wa mahari, na shauri likaisha siku hiyohiyo. Felisita alikuwa binti wa pili.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, wakahamia Ngulyati, nyumba zikiwa zimepangwa kwa mstari. Zamani mtu mwenye ukoma alijengewa kibanda pembeni mwa shamba, chakula akiachiwa kwenye kigae. Katika mstari wa nyumba hakuna pembeni. Mtu akikohoa, balozi wa nyumba kumi anasikia.

Juni ya mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna pamba, Nyanda alidondosha kibuyu cha maziwa mbele ya mkewe. Hakikuwa cha kwanza. Felisita aliishika mikono yake, akaigeuza. Ilikuwa mikavu, na kweli ilikuwa ya baridi kidogo.

"Mbona iko hivi?"

"Baridi," Nyanda alisema. "Baridi ya asubuhi tu, Ng'wana Mahona." Alimwita kwa jina la baba yake, kama wake wanavyoitwa Usukumani. "Hata miguu."

Mwezi huo upepo wa alfajiri hupita mbugani bila kizuizi, na wachungaji hutoka wamejifunika blanketi hadi puani. Jibu liliaminika. Felisita, aliyefundishwa kushona na masista mpaka darasa la nne, hakuwa mtu wa kulalamikia jambo linaloweza kushonwa.

Alichukua pamba waliyovuna wenyewe, akaichambua kwa mkono, akaenda nayo Bariadi kwa Maftaha, fundi aliyeweka cherehani yake kwenye baraza la duka la kaka yake. Alimweleza anachotaka: soksi nene na glavu za mfuko, zisizotenganisha vidole, za kitambaa cha marekani chenye tabaka mbili, pamba katikati.

Maftaha aliinua macho. "Mama Mektilda, huyo mzee kwao Ngulyati au Kilimanjaro?"

"Shona."

"Nashona. Nauliza tu, nisije nikaambiwa nimshonee na ng'ombe wake makoti."

Jozi ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Nyanda aliivaa usiku mzima. Asubuhi Felisita alimwuliza kama amesikia joto, naye akajibu kwamba hajasikia kitu. Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililoharibu mambo. Felisita aliwavisha watoto, Mektilda na wadogo zake, soksi zilezile, miguu yao ikapata joto mara moja. Akafikiri juu ya tofauti hiyo, akafikia hitimisho: pamba haina joto lake, hutunza tu joto la mwili, kama mumewe hapati joto, basi mwili wake hauna la kutunzwa, na joto lazima litoke nje. Hoja yake ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika taarifa aliyopewa.

Alijaribu mchanga wa moto. Mchanga ulipenya kwenye nyuzi na kujaa kitandani, na uzito wake uliivuta soksi ikavuka. Alikuwa karibu kukata tamaa alipokwenda kwenye ghala la kijiji, palipokuwa na rundo la mbegu za pamba kutoka kiwandani, zilizopata unyevu na kuachwa zitumike kulisha ng'ombe. Aliingiza mkono kwenye rundo ili ajaze kikapu. Ndani palikuwa na joto kama tumbo la mnyama. Alisimama pale mkono ukiwa ndani mpaka kiwiko, mtunza ghala akamwuliza kama ameumwa na nyoka.

Mbegu za pamba ni nyepesi kuliko mchanga, zina manyoya yanayozuia zisiteleze, na mafuta yake hushika joto kwa muda mrefu. Felisita alizianika, akazikaanga kwenye kigae, akazijaza katika vifuko, akavitia ndani ya soksi na glavu. Alipima joto kwa shavu lake kabla ya kumvisha mumewe. Asubuhi akauliza tena.

"Labda kesho," Nyanda alisema.

Kila jioni aliongeza moto kidogo. Viganja vyake mwenyewe vilianza kukataa, akawa anashika vifuko kwa kitambaa. Alijieleza hivi: kinachomchoma yeye mwenye damu ya moto kitampasha tu mtu mwenye baridi kama ile.

Nyanda alikuwa na utaratibu wake. Alisubiri mkewe apitiwe na usingizi, akavua soksi na glavu, akaziweka chini ya kitanda. Kabla ya jogoo kuwika akazivaa tena. Jioni, akioga nyuma ya nyumba, alikagua ngozi. Haikuwa na dosari. Aliamini anaweza kuendelea hivyo mpaka baridi ya Julai iishe na mkewe ageukie kupalilia jambo jingine.

Lakini habari za soksi zilitembea. Kikundi cha kina mama cha kijiji kilikuwa kinatafuta kitu cha kupeleka kwenye maonyesho ya Saba Saba mkoani, maana vikapu na vyungu vilikuwa vinapelekwa na kila kijiji. Mwenyekiti wao, Apolonia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuja na wenzake wakaketi uani. Felisita alikaanga mbegu mbele yao mpaka zikaanza kunuka mafuta. Apolonia aliingiza mkono kwenye glavu, akautoa upesi.

"Mayu! Hii ya kutilia ng'ombe alama au ya kuvaa?"

Felisita alimjibu kwamba mwenyekiti ana damu inayochemka tangu kuzaliwa, na wanawake wakacheka mpaka mmoja akashika ubavu. Wakataka kumwona mwenye baridi mwenyewe. Nyanda aliitwa. Alikaa kwenye kigoda, akavishwa, mbegu zikiwa bado zinanuka. Wote wakamtazama. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

Apolonia aliacha kucheka. Alimtazama machoni, kisha mikononi, kisha machoni tena.

"Mwanamume gani huyu asiyesikia moto?" aliuliza, taratibu.

Nyanda aliliona swali hilo linakwenda wapi. Aliona nyumba ya balozi, barabara ya Mwandoya, na Mzee Mahona akishuka nayo.

"Nimesikia," alisema. "Leo nimesikia joto. Ndilo hasa."

Wanawake walipiga vigelegele. Felisita alijifunika uso kwa kanga. Alipoufunua, macho yalikuwa mekundu, na alikuwa na kipimo: mbegu zikaangwe mpaka zinuke mafuta.

Kikundi kilikubali soksi ziende mkoani, kwa sharti moja. Zilikuwa zinavuka mguuni, zitiwe kitu cha kuzishika. Felisita alirudi kwa Maftaha, naye akatia kamba kwenye kifundo cha mguu na kwenye kifundo cha mkono, kamba ya katani iliyosokotwa vizuri, ya kufungwa fundo. Yalikuwa maboresho mazuri. Maftaha mwenyewe alijisifu, akasema sasa mzee anaweza hata kucheza ngoma nazo.

Usiku huo Felisita alimvisha mumewe, akafunga kamba zote nne, akalala.

Asubuhi harufu ndiyo iliyomwamsha. Alidhani ni mbegu. Alimkuta Nyanda amekaa ukingoni mwa kitanda, macho wazi, glavu ya kulia imevuka, ya kushoto na soksi zote mbili zikiwa mahali pao. Alifungua kamba ya mguu wa kwanza, akavuta soksi, na ngozi ikaja pamoja na kitambaa. Alimtazama mumewe usoni. Uso ulikuwa umetulia, kama wa mtu anayevuliwa kiatu.

"Huumii?" aliuliza.

Nyanda alimsogezea mguu wa pili.

Walimpeleka Bariadi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Athanasi alifungua vitambaa, akatazama kwa muda mrefu, akamwuliza Nyanda kama mkewe anajua. Nyanda alitikisa kichwa. Athanasi ndiye aliyemweleza Felisita, kwa maneno machache na sahihi, huku akisafisha vidonda: jina la ugonjwa, tangu lini, vidonge ni vya nini. Alimwambia pia kwamba mtu anayemeza vidonge vile hawezi kuwaambukiza wenzake kirahisi, na kwamba watoto waletwe wakaguliwe.

Felisita alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mumewe.

"Usiku ulikuwa macho?"

Nyanda alisema alikuwa macho. Alieleza yote, kuanzia siku ya kwanza ya kuvua soksi kwa siri. Jana yake alijaribu kama kawaida. Glavu ya kulia aliing'oa kwa meno. Lakini fundo la kamba lilihitaji vidole vinavyojua vimeshika nini, na vyake havikujua. Vilipapasa tu gizani. Alijiambia mbegu zitapoa.

"Nilikuwa nimelala pembeni yako."

"Ndiyo."

"Ungeniamsha tu."

"Ungeuliza kwa nini navua."

Athanasi alitoka nje akijifanya anatafuta maji. Felisita alitazama ile mikono, mmoja mzima na mmoja umefungwa bandeji.

"Ungesema ganzi, ningebaki," alisema. "Baba angekuja, ningemrudisha kwake. Hukuniuliza. Ukaniacha nikuchome kwa mikono yangu, Nyanda, kila siku nikiongeza moto, nawe unanitazama."

Alimwita kwa jina. Hakuwahi kufanya hivyo tangu kuolewa.

Mguu wa kushoto ulioza, ukakatwa juu ya kifundo katika hospitali waliyopelekwa. Wa kulia ulipoteza vidole. Mkono wa kushoto ulipona, lakini vidole vilijikunja na havikunyooka tena, wala havikushika mpini wa plau. Mzee Mahona alikuja, kama Nyanda alivyojua atakuja. Alikaa uani, akapewa maji, akamwambia binti yake afunge mizigo. Felisita alimjibu kwamba mizigo yake iko mahali pake. Mzee alisubiri mpaka jua likapinda, akaona hakuna anayeinuka, akaondoka. Lile jambo ambalo Nyanda alitoa miguu yake ili lisitokee lilichukua mchana mmoja.

Soksi za mbegu zilikwenda Saba Saba bila Felisita. Apolonia ndiye aliyezipeleka, akiwa na kipimo kipya alichokishika kichwani: mbegu zipimwe kwa shavu, na anayevaa afunge na kufungua mwenyewe. Zilisifiwa. Walinzi wa magala walizipenda, na wazee wenye baridi yabisi. Maftaha alizishona misimu kadhaa, mpaka kitambaa kilipoadimika madukani. Hakuna aliyewahi kuungua. Kilikuwa kitu kizuri kwa mtu yeyote anayeweza kusema kimezidi.

Nyumbani Felisita alishona kitu kingine. Alikata soli kwenye tairi kuukuu, kama ya katambuga lakini pana zaidi, akaitandika pamba nene juu, akaizungushia kitambaa laini kisicho na mshono unaogusa ngozi. Haikuwa na mbegu. Haikuwa na kamba. Mtu aliweza kuitoa kwa kuisukuma tu. Alitengeneza kiatu kimoja, kwa mguu uliobaki. Kila jioni, kabla ya kuwapa watoto chakula, alikivua, akashika taa, akakagua wayo kutoka kisigino mpaka mahali vidole vilipoishia, kisha viganja. Alifanya hivyo bila kuharakisha.

Juni iliporudi, upepo ukaanza tena kupita mbugani. Jioni moja Felisita alipokuwa amepiga magoti na taa, Nyanda alitazama kile kiatu kando yake na kichwa cha mkewe kilichoinama.

"Kina joto, Ng'wana Mahona," alisema.

Felisita hakuinua kichwa.

"Usiniambie," alisema. "Naangalia mwenyewe."

Akasogeza taa karibu, akageuza wayo kwenye mwanga.