Ukuta wa Waruguru

Miezi minne kamili Waruguru alikaa kwa bintiye huko Membley bila kutoa neno. Kula alikula, tena vizuri. Chai ikiwa na maziwa mengi alitabasamu. Aliinua mguu na kukunja vidole jinsi alivyofundishwa hospitalini, ijapokuwa mkono wa kulia ulikuwa bado mzito kana kwamba ameuazima kwa mtu. Lakini mdomo ulikaa kimya, na Tabby alikuwa amechoka kumwuliza mamake maswali na kujijibu mwenyewe.

"Ulimi wake haujafa," mtaalamu wa matamshi alimwambia Tabby kule kliniki. "Maneno yapo ndani. Mtafutie sababu ya kuyatoa."

Sababu gani tena? Tabby alishajaribu redio, picha za wajukuu, Wamboi na wenzake, hata pasta aliitwa. Waruguru aliwaangalia wote kwa upole, kisha akarudisha macho yake ukutani.

Na huyu hakuwa mwanamke wa kunyamaza. Miaka thelathini alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda pale Thika, katikati ya mashine ambazo mtu asipopaza sauti hasikiki, na sauti hiyo alirudi nayo nyumbani Makongeni kila jioni. Hata salamu zake za asubuhi ziliamsha ploti nzima. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na ukutani hapakuwa na nafasi ya kuweka kiganja. Mawe ya mtoni yalipangwa dirishani. Viota vya kwera vilining'inia darini. Manyoya ya kanga yalisimama kwenye mkebe wa maziwa ya unga, karibu na kofia ya marehemu Bedan, mumewe. Mgeni akiingia, alionyeshwa kila kitu na kuelezwa kilikotoka, apende asipende.

Tabby alipokuwa darasa la sita, rafiki yake mmoja alichungulia mlangoni akacheka, "Kwani hapa ni kwa mganga?" Tangu siku hiyo Tabby hakuleta rafiki nyumbani tena.

Basi kiharusi kilipomwangusha Waruguru mwezi wa kwanza, Tabby ndiye aliyehamisha vitu. Mama yuko wodini, dereva wa lori anapiga honi, kichwa kinamzunguka. Alichukua kitanda, kabati, sufuria na nguo. Wapakiaji walipouliza kuhusu mawe na manyoya, alijibu bila kugeuka, "Hizo takataka tupeni."

Mume wa Tabby, Ndegwa, alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kupenda kila kitu kinyooke. Kwa Wagikuyu si jambo jepesi mama mkwe kulala nyumba moja na mume wa bintiye, lakini Ndegwa mwenyewe ndiye aliyesema, "Mila zitatungoja. Mama aje." Akampa chumba cha chini kinachoingia jua, na sebule nzima akaipaka upya rangi ya maziwa. Kuta zikawa safi, tena tupu kama sahani iliyooshwa. Hizo ndizo Waruguru alizokuwa akizitazama kutwa.

Mwezi wa tano Tabby alienda Makongeni kurudisha ufunguo wa ile nyumba. Kabla hajafika kwenye mlango, sauti ilimdaka.

"Ndio umekumbuka kuna watu huku?"

Alikuwa Mwongeli, jirani wa mlango wa pili, Mkamba wa kule Ngoliba, aliyesimama na Waruguru mashine kwa mashine miaka yote ya kiwandani.

"Nisamehe, Anti. Mama bado hajaongea."

"Ataongea na nani? Na kabati?" Mwongeli akamvuta mkono hadi ndani kwake, akafunua pazia. Nyuma yake kulikuwa na magunia mawili yaliyofungwa kwa kamba. "Nilipigana na watu wa mkokoteni wa taka hadi nikapasua leso. Haya mawili nikayanyang'anya. La tatu walikuwa wameshalimwaga jalalani, na mvua ikamaliza."

Tabby alipiga magoti akafungua. Kilichotangulia kutoka ni kipande cha mbao kilichochongoka ncha zote mbili kama samaki, kikang'aa kwa kushikwa na mikono mingi. Akakigeuzageuza.

"Hiki kilitoka wapi, Anti?"

"Hujui?"

"Sikuwahi kusikiliza."

 Mwongeli akavuta kigoda akaketi, na hasira zikamtoka. Alisema kile kijiti ndicho kilichokimbiza uzi kwenye mashine ya Waruguru. Siku mashine za zamani zilipozimwa, wafanyakazi waligawiwa saa za ukutani, na Waruguru akasema saa yake wampe mwingine, yeye wampe kijiti. Kengele ya baiskeli ilikuwa ya Bedan, aliyekuwa akiiliza tangu pale kona ili mkewe abandike maji ya chai. Kibuyu kilichokatwa shingo kilibebwa kutoka kwa nyanya yake Waruguru. Kila alichotoa Tabby kilikuwa na siku yake, na Mwongeli alizikumbuka zote.

"Na kulikuwa na jiwe jeusi lenye mstari mweupe," alisema mwishoni. "La mto Chania. Bedan aliliokota siku aliyomwambia mamako kuwa atamwoa. Hilo lilikuwa kwenye gunia la tatu."

Tabby akafunika uso kwa viganja.

"Kulia hakutapanga ukuta," Mwongeli akamwambia. "Jumamosi twende tukatafute vingine."

Jumamosi wakashuka Chania asubuhi, viatu mkononi, wanawake wawili wazima wakiinama majini kama wanaookota kuni. Walipata mawe mazuri, mengine laini kama sabuni. Tabby alikuwa akitafuta moja tu. Karibu saa sita akalipata lililofanana, jeusi, lenye doa jeupe ubavuni.

"Tukimpa hili, si atadhani ndilo?"

"Atajua kabla hajaligusa," Mwongeli akasema. "Usimdanganye mgonjwa. Lirudishe. Tafuta lako."

Lake. Tabby hakuwa amefikiria hivyo. Akatembea polepole, bila kutafuta chochote, mpaka akaona jiwe jekundu kama udongo wa barabara ya Ruiru wakati wa mvua, lenye tundu dogo katikati. Lilienea kiganjani mwake. Akaliweka mfukoni bila kusema.

Mchana walifika shambani kwa Muasya, kakake Mwongeli. Kwenye migunga iliyokuwa kando ya boma lake kanga walilala kila usiku, na chini palijaa manyoya yenye madoadoa. Wakaokota na viota vya kwera vilivyoangushwa na upepo, na maganda makavu ya mbegu yanayolia ukiyatikisa. Muasya alicheka hadi akashika mbavu. "Watu wa Membley huja hapa kutafuta maembe. Nyinyi mnabeba taka za ndege?" Lakini alipoambiwa ni za nani, aliingia ndani akatoka na pembe ya mbuzi. "Mpelekeeni. Mwambieni imetoka kwangu."

Jioni hiyo Ndegwa aliporudi nyumbani alikuta misumari imepinda sakafuni na plasta imebanduka mahali panne.

"Tabby. Huu ukuta umefanywa nini?"

"Namtafutia mama sababu."

"Tulikubaliana nyumba haitakuwa stoo."

"Wewe ulikubali, Baba Wamboi. Mimi nilinyamaza. Tangu darasa la sita naona haya juu ya vitu hivi." Tabby aliikaza nyundo mkononi. "Leo nimemaliza kuona haya."

 Ndegwa alisogea mezani, akaangalia vile vitu kimoja kimoja, akaokota kengele ya baiskeli na kuibonyeza kwa kidole gumba. Ikalia, kali na safi. Na kutoka chumba cha chini wakasikia kiti kikigwaruza sakafu, kama mtu aliyegeuka ghafla.

Mtu na mkewe wakatazamana.

"Msumari hautashika hapa," Ndegwa akasema taratibu, akiiweka kengele kana kwamba ni yai. "Ngoja nilete drili."

Wakafanya kazi pamoja, yeye akipima kwa futi na penseli, Tabby akimpa kimoja baada ya kingine na kumweleza kilikotoka. Kufikia chakula cha jioni ukuta wote wa sebule ulikuwa umejaa.

Jumapili baada ya kanisa Mwongeli alifika. Tabby alimshika mamake mkono, akamleta, akamketisha kwenye kiti kilichoelekea ukuta.

Waruguru aliangalia. Macho yake yalianzia kulia, yakapita kofia, kibuyu, viota, yakafika mwisho na kurudi tena. Uso haukubadilika. Dakika zikapita.  Nimechelewa, Tabby akawaza. Nilivitupa, na mama akaondoka navyo.

Ndipo mkono wa kushoto ukashika mkongojo. Ndegwa aliruka kumsaidia, Mwongeli akamzuia kifuani. "Mwache."

Waruguru akasimama. Hatua moja. Ya pili. Alitembea mwenyewe hadi ukutani, akasimama mbele ya kile kijiti cha mashine, ambacho Ndegwa alikuwa amekilaza kwa kipimo, kimenyooka kama mstari wa daftari. Midomo ikatetemeka.

"Ha... ha..." Akavuta pumzi. "Hapo si pake!"

Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwa ile ile ya kiwandani, ya kushinda mashine. Mwongeli alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Tabby alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Wapi, Maitu? Mama, niambie wapi!"

"Juu. Ki... kisimame."

Ndegwa alishapanda kitini na bisibisi.

"Kando," Waruguru akaamuru. "Kando! Wee, Ndegwa!"

Hakuna mkwe aliyewahi kufurahia kugombezwa kiasi hicho. Alishusha, akapandisha, akahamisha pembe ya mbuzi mara tatu, jasho likimtoka, akijibu, "Sawa, Mama. Hapa, Mama?"

Kisha Waruguru akageukia mawe yaliyokuwa dirishani. Aliyagusa moja moja, akasimama, akatafuta kwa vidole. Tabby alijua anatafuta nini.

"Maitu, lile la mstari mweupe nililitupa. Nilisema ni takataka. Nisamehe."

 Mama akaokota lile jekundu lenye tundu. "Hili?"

"Langu. Nililiokota Chania jana."

Waruguru akalihamishia mkono wa kulia, ule mzito. Vidole vikajikunja juu yake kidogo kidogo, mpaka vikalifunika lote. Akalipima, akatikisa kichwa kukubali.

"Weka katikati," akasema.

Siku hiyo alisema maneno kumi na manane, Ndegwa aliyahesabu. Wiki iliyofuata hakuna aliyehesabu tena. Asubuhi alianza kutembea mwenyewe hadi geti la esteti, mkongojo mkono mmoja na mfuko mkono wa pili, akirudi na maganda ya jakaranda na kumwamuru mkwewe alete drili.

Mwezi wa nane akina mama wa ushirika wa kanisa walikuja kutoka Makongeni kumshukuru Mungu pamoja naye. Sebule ikajaa. Waruguru alisimama mbele ya ukuta wake akaanza kusimulia, polepole, akijikwaa hapa na pale, akimrekebisha Mwongeli kila alipokosea mwaka. Chai ikapoa vikombeni. Baada ya saa nzima mke wa pasta alifungua Biblia yake na kusema labda sasa wafunge kwa maombi.

"Kaa chini, mama," Waruguru akamwambia. "Bado sijafika kwenye kengele."

Mke wa pasta akakaa.